Mpira Uliovunwa Chini ya Mkorosho

Bibi yangu, shikamoo.

Huku Kilwa kwa mjomba ni wazima wote. Jana alitupeleka kwenye kiwanja kidogo cha gofu anachofyeka nyasi zake, chenye mashimo sita tu kati ya mikorosho. Binamu Rukia alinitania palepale: "Mtu wa Likawage, leo hushindi hata shimo moja!" Watu walikuwa wanatazama, nikaona haya, ila nilitamani sana nimnyamazishe.

Kwenye shimo la tano mpira wangu ulisimama chini ya mkorosho. Korosho zilikuwa zimeanguka, mkono ukafuata mazoea ya shambani kwetu. Nikainama, nikaziokota zote na kuzitia kwenye khanga, pamoja na mpira. Rukia alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, Somoe kavuna mpira!" Mjomba akaniongezea pigo la adhabu, shimo likaenda kwa Rukia.

Likabaki la mwisho, na mpira wangu ukafika karibu na shimo. "Ukiingiza mpira huu, shimo lako," mjomba akasema. Nikausukuma polepole. Bibi, ukaingia! Nikapiga kigelegele peke yangu mbele ya watu wote, mimi niliyekuwa sijibu swali darasani mpaka niitwe jina. Rukia akakipokea.

Mungu akupe nafuu ya magoti, Bibi. Nimekukumbuka sana.

Mjukuu wako,
Somoe