Laini Yangu Mwenyewe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Laptopu imerudi! Suleimani aliipakia kwenye basi huko Tanga, konda akanikabidhi hapa stendi ya Maramba. Nimeibeba mwenyewe hadi nyumbani, fimbo mkono huu, mzigo mkono huu. Kaka Anold alikuja njiani kunipokea. Nikamwambia, niache.

Suleimani ameniwekea Linux mpya. Ni mfumo wa bure, na sauti yake ya kusoma kioo ni ya bure pia. Ndiyo maana sitaki mwingine. Kwa asiyeona kama mimi, mashine isiyosema ni bati tu. Hii yangu inasema — Kiswahili chake kama cha padri mgeni aliyeshuka jana — lakini inasema! Naisikiliza kwa hedifoni, mtu mwingine hasikii kitu. Haya ninayoandika hakuna wa kuyasoma. Tangu utotoni barua zangu nimeandikiwa na watu, nikasomewa na watu. Sasa basi.

Ndani yake kuna kadi ya modemu. Unachomeka laini ya simu ubavuni, unaingia mtandaoni bila kumwomba mtu. Nimechomeka. Kimya. Mashine inasema haina kifaa chochote cha mtandao wa simu.

Na usaili ni Jumatatu ijayo! Kuna chuo Tanga kinatafuta mwalimu wa kompyuta wa wanafunzi wasioona. Atafundisha kwa mtandao, shule hii na ile. Kwa hiyo usaili wenyewe ni wa mtandao: uko kwako, kwenye mashine yako, wakusikie unavyojiendesha.

Kaka kasema, si nikurushie intaneti kutoka kwenye simu yangu, tatizo liko wapi?

Tatizo analijua. Tadeo, ambaye moyo wangu unamtaka, aliniandikia ujumbe kupitia simu hiyohiyo. Anold akausoma kwa sauti, watu tuko kwenye ugali, hadi neno la mwisho. Wakacheka. Na mimi nikacheka — ningefanyaje? Tadeo hajaandika tena.

Simu yake sitaki. Kitochi changu, simu ndogo ya vitufe, kinanitosha kupigia. Mtandao nitauwasha mwenyewe.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia Suleimani. Ni fundi wa kompyuta Makorora, hukohuko Tanga, na ndiye aliyenifundisha Linux. Tofauti yake na mafundi wengine: haninyang'anyi kibodi.

Kanisomea amri kwa simu, herufi moja moja, alama moja moja. "Mkwaju. Hapana dada Praxeda, mkwaju wa kulia. Kistari. Nafasi." Vifaa vyote vikajitaja. Kamera ipo. Spika zipo. Kadi ya modemu hakuna. Haipo kabisa, kama haijawahi kuzaliwa.

Akasema huenda imezimwa kwenye mipangilio ya chini, ile inayofunguka kabla Linux haijaamka. Halafu akanyamaza. Nikajua kwa nini. Huko chini sauti haifiki. Huko panataka macho.

Nilikaa nimenuna muda mrefu. Kisha nikamwita Blessing, mke wa kaka. Alikuwa anamenya mihogo. Akaja na mikono yenye maji, akasema Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Nikamwambia, okoteza.

"W, W, A, N," akasoma.

"Ndiyo yenyewe, kadi ya modemu! Mbele yake?"

"D, I, S, A... Aa, wifi, hili nalijua! Limeandikwa kwenye choo cha hospitali. Ndio nyie."

"Disabled?"

"Hilohilo. Mashine nayo wameiita mlemavu!"

Tukacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia ligeuze. Akauliza liwe nini. Nikamwambia litakalokuja, ilimradi si hilo. Akabonyeza, tukahifadhi, tukawasha upya.

Kadi imejitaja! Ipo! Watu wa mjini wana Wi-Fi. Mimi nina wifi.

Jumatano, 10 Septemba

Nilifurahi mapema. Kadi inaonekana, dereva wake, programu ya kuiendesha, ameipokea vizuri, laini inasomeka. Lakini redio ya kadi haiwaki. Nikiamuru iwake, inajibu: hairuhusiwi. Hairuhusiwi na nani? Mashine yangu, laini yangu!

Nimetoa laini, nimeipangusa, nimerudisha. Nimezima, nimewasha. Nimebadilisha jina la mtandao. Hairuhusiwi.

Mchana Anold akaja na Methusela, yule mwenye duka la kurekebisha simu pale sokoni. Sikumwita. Akaishika laptopu, akaigeuza, akamwambia kaka — hakuniambia mimi — kwamba dawa ni kuifuta hiyo Linux na kuweka mfumo wa kawaida ambao kila mtu anautumia. Asiyeona ahangaike na Linux ya nini?

Nikamuuliza, huo wa kawaida utanisomea?

Akamjibu kaka: atatafutiwa mtu wa kumsomea.

Nikanyoosha mikono yote miwili, nikaipokea mashine yangu. "Asante fundi. Kwaheri."

Kaka akasema nimemwaibisha. Sawa. Leo zamu yake.

Alhamisi, 11 Septemba

Umeme hakuna tangu alfajiri. Betri nimeibana, naandika machache.

Anold kaniuliza kwa upole, hivi huu usaili ni lazima? Nikasema ni lazima. Akasema mimi si mtu wa kukosa chakula hapa. Nikasema sijasema nina njaa. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyemeza mfupa.

Ijumaa, 12 Septemba

Imewaka! IMEWAKA!

Suleimani alipiga alipotoka msikitini. Ameuliza watu, amesoma, amepata. Watengenezaji hufunga redio za kadi hizi tangu kiwandani. Zamani Linux ilikuwa inazifungua yenyewe kimyakimya. Siku hizi imeacha. Inamtaka mwenye mashine aamue na afungue kwa mkono wake. Na ufunguo haununuliwi wala haupakuliwi — umo humohumo ndani ya mashine, kwenye folda ya pembeni, unasubiri kuunganishwa mahali pake!

Siku zote hizi ulikuwa humo. Nilitaka kulia, nikatukana kidogo badala yake. Suleimani akasema, astaghfirullah dada, andika.

Tukaandika. Mkwaju, herufi, mkwaju, kistari, nukta. Mara ya kwanza kosa. Mara ya pili kosa — nilikuwa nimesahau kistari. Mara ya tatu mashine haikusema kitu. Kwenye Linux, kimya ndicho sifa: maana yake hakuna kosa. Nikaanzisha upya huduma ya modemu. Nikasubiri. Padri wangu mgeni akatamka, kwa lafudhi yake mbovu tamu: *imeunganishwa*.

Nilipiga kelele hadi Blessing akaangusha sufuria. Suleimani huko Makorora naye anapiga kelele. Wateja wake walidhani kuna msiba.

Laiti ningeishia hapa.

Chuo kilikuwa kimetoa anwani ya kujaribia mitambo, na msimamizi wa usaili, Bi Hafsa, yupo hewani jioni za Ijumaa. Nikaingia. Sauti safi kabisa, kama tumekaa jamvi moja. Nikamwamkia, nikajitaja jina.

"Praxeda wa Maramba? Lakini mwenzangu, wewe si umejitoa?"

"Mimi?"

"Kaka yako alipiga juzi. Alisema umeshindwa na vifaa, na afya si nzuri. Nafasi yako nimeshampa mtu."

Namba ya kaka ndiyo iliyokuwa kwenye maombi. Maombi yalitumwa kwa simu yake. Namba ngapi nyingine za maisha yangu ni zake?

Nikasema polepole: "Bi Hafsa, sijajitoa. Afya ninayo. Vifaa ndivyo hivi ninavyokusikia navyo. Na sijamtuma mtu yeyote anisemee."

Akasema atazungumza na wenzake. Akaniomba namba. Nikampa ya kitochi changu.

Sijamwambia Anold. Nasikia anavyocheka na watoto uani. Leo sina maneno mazuri, na mabaya nikianza sitamaliza.

Jumamosi, 13 Septemba

Bi Hafsa kapiga asubuhi. Wamenirudisha, mtu wa mwisho, Jumatatu alasiri. Lakini akaniambia ukweli, namshukuru: wenzake wana wasiwasi. Si kuhusu kompyuta. Wanauliza kama nyumbani wataniacha nifanye kazi, au kila wiki atapiga mtu kusema naumwa.

Basi nikamwendea Anold. Alikuwa uani ananoa panga. Nilisikia jiwe.

"Kaka, umepiga chuoni."

Jiwe likasimama. Hakukana. Hilo namkubalia.

Akasema: "Ulipokwenda kukaa Tanga ile mara, nani alikufuata? Umetumbukia mtaroni, bega limevunjika, umelala kwenye korido ya hospitali huna hata wa kukupa maji. Nilikuja na gari la ndizi. Nilikulisha kwa kijiko. Hao wa chuo walikuwepo?"

"Hawakuwepo. Na kazi yenyewe nitafanyia hapahapa, kwenye kiti changu."

"Leo hapa. Kesho watakuita Tanga. Mama aliniachia wewe. Alisema nisikuache."

"Alisema usiniache. Hakusema unifunge."

Nikaendelea, maana ningenyamaza nami ningelegea: "Ungenikataza usoni ningekujibu. Umenisemea mgongoni. Umewaambia naumwa! Umenifanya niwe huyo mtu wanayemdhania."

"Na wakikukataa? Nani atakubeba?"

"Nitajibeba. Nikishindwa nitakuita. Lakini nitakuita mimi, kwa mdomo wangu."

Blessing alikuwa jikoni, kimya chake nilikijua kuwa cha kusikiliza. Akatoka, akasema kwa sauti ya chini: Baba Precious, hata mimi hukuniuliza. Anold akatupa jiwe, akatoka na panga lake ambalo bado ni butu.

Hakurudi kula mchana.

Jumapili, 14 Septemba

Misa. Siku zote kaka hunishika kiwiko tangu mlango wa nyumba hadi benchi. Leo alitangulia, mimi nikafuata kwa fimbo na sauti ya viatu vyake. Hakwenda haraka. Kwenye ngazi za kanisa nilijikwaa, goti likagusa saruji. Alisimama — nilisikia viatu vimesimama — lakini hakunishika.

Sijui ile ilikuwa heshima au hasira. Niliinuka mwenyewe. Nitaandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna msomaji: kile kiwiko kilisikia baridi.

Jioni nimefungua barua pepe yangu mpya, nywila naijua mimi tu. Nimemwandikia Tadeo. Sikumwandikia mengi. Nimemwambia, andika, anayesoma sasa ni mimi.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua. Mvua ya nini mwezi huu! Mawimbi ya mtandao yanapanda na kushuka. Nimehamishia meza dirishani, yakapanda. Blessing kawapeleka watoto kwa jirani, kaniachia kikombe cha chai na kitambaa cha kufutia viganja. Jinsi alivyojua kuhusu viganja sijui.

Anold hajaenda shamba. Tangu asubuhi anazunguka nyumba, anagonga hiki, anafunga kile. Hajasema nami zaidi ya salamu.

Nimeingia. Wananiambia nisubiri, aliyetangulia anamalizia. Naandika ili nisihesabu dakika. Hedifoni nimevaa sikio moja tu.

Mlango. Ni yeye. Nanusa mvua kwenye shati lake. Amesimama.

Kaniambia: "Praxeda, wakiuliza habari za nyumbani, waambie nipo. Niwaambie mwenyewe kwamba sitakuzuia. Nimefikiri. Nikikaa hapa kando yako wataamini."

Ee Mungu. Pengine ni kweli. Wakimsikia kaka mwenyewe anakubali, wasiwasi wao umekwisha. Neno moja lake na nafasi ni yangu. Na amekuja mwenyewe, hakuitwa na mtu.

Lakini ikiwa kukubaliwa kwangu kunapita mdomoni mwake, nimepata nini?

Nimemwambia: "Asante, kaka. Asante kweli. Lakini nenda uani. Mlango uache wazi kama unataka."

Amevuta kiti.

Hedifoni inaongea. Bi Hafsa. Anasema karibu, Praxeda, jopo zima linakusikia, tuanze na swali la kwanza: uko peke yako hapo chumbani?

Kiti kimelia. Sijui anakaa au anainuka.

Nawasha maiki.