Nilikwama Hewani na Mke wa Mwanangu

Mama mshauri, weka kikombe cha chai chini kwanza, kwa sababu ukisoma hii barua huku unakunywa utajichoma, na mimi makosa niliyonayo yanatosha.

Naomba unisaidie. Mimi ni mzee wa Bokoli, nilisoma mpaka darasa la nne mwalimu akachoka, akaniambia niende nichunge ng'ombe, na ng'ombe nao hawakulalamika, kwa hivyo usitafute mpangilio humu ndani, mimi nikianza kusema nasema. Nina kijana wangu Hesbon, tunaishi boma moja, kazi yake ni kutengeneza tuk-tuk huko Kitale, na mke wake anaitwa Chepkemei, msichana Msabaoti kutoka Mlima Elgon. Sasa huko kwetu Bukusu, na hii ushike vizuri maana ndiyo shida yenyewe, baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hata salamu ya mkono hakuna. Akileta chai anaiweka mezani, anarudi nyuma, ndipo mimi nasogea nachukua. Chepkemei ingawa si wa kwetu alijifunza hiyo heshima kuliko hata wasichana wetu, tangu aolewe hajanigusa hata ukucha.

Basi ikafika ile Jumamosi ya kufungua paki mpya ya kujiburudisha, ile ya nje ya Kitale yenye gurudumu refu la viti. Si hata nyinyi wa redio mlitangaza ati siku ya kwanza kila mtu anaingia bure? Mkatangaza, na Trans-Nzoia nzima pamoja na nusu ya Bungoma wakatii. Chepkemei na mama yake Jelagat, aliyekuwa ameteremka kutoka mlimani kutembelea binti yake, walienda alfajiri wakapanga laini. Mimi nilienda baadaye kidogo, nikiwa nimekunywa chai yangu nikamaliza na ya Hesbon. Kufika, naona watu kama siafu, geti ni moja tu, wa kuingia na wa kutoka wote hapo hapo, kuna ukuta wa mabati uliopigiliwa misumari juzi, na askari mmoja mwenye filimbi, anaitwa Barasa, jina lilikuwa kifuani. Jelagat, kichwani amejifunga kitambaa cha manjano, na binti yake walikuwa wamekaribia mbele kabisa.

Lakini mshauri, mimi huwa sipangi laini. Si kiburi, ni mazoea. Nikienda hospitali naambiwa mzee pita mbele, nikienda kuchukua mbolea naambiwa mzee pita mbele, hata kwa matanga watu wakiaga maiti naambiwa mzee pita mbele, hapo ndipo naogopa kidogo. Nina fimbo, lakini miguu ni mizima, hiyo fimbo ni ya kutokea nayo tu. Nikaenda kwa Barasa nikikohoa.

"Askari, mzee anaweza kufia hapa."

"Mzee pita mbele," Barasa akasema. "Uko na mtu wa kukushika mkono? Hiyo mashine haipandwi na mzee peke yake. Mmoja tu, lakini."

Nikamwita Jelagat. "Mkwe, twende."

Akacheka. "Baba Hesbon, mimi nimesimama hapa kabla umande haujakauka. Nitaingia kwa zamu yangu. Hawa walio nyuma yangu watanionaje?"

"Baki na zamu yako basi. Chepkemei, kuja."

Chepkemei akamwangalia mama yake. "Baba, si tungoje tu? Tumekaribia."

"Wewe umekaribia geti, mimi nimekaribia kaburi. Tutembee."

"Sawa, baba."

Barasa naye akasimama njiani. "Mshike mzee mkono nione." Sasa atanishikaje? Nikampa ncha ya fimbo, akashika huko, mimi huku, Barasa akakuna kichwa akatupitisha. Nilijiona mjanja sana, bana.

Kumbe watu wanaangalia. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Ati ni hivyo?" Akamkamata mzee mmoja asiyemjua hata kidogo. "Guka, babu yangu, twende!"

"Mimi si guka yako."

"Leo wewe ni guka yangu, tembea!"

Kila kijana akatafuta mzee wake. Niliona nyanya mmoja akivutwa na wajukuu wa makabila matatu. Laini ikafa hapo. Barasa anapuliza filimbi mpaka mashavu yamejaa, hakuna anayemsikia, wanaotoka wanasukuma wanaoingia, na mimi na Chepkemei tukabebwa na watu mpaka kwa lile gurudumu bila hata kuinua mguu.

Mpango wangu ulikuwa nipande kiti changu, yeye apande cha nyuma. Lakini kijana wa mashine alikuwa anapakia watu wawili wawili kama magunia ya mahindi kwa lori. Nikasikia nimesukumwa, chuma kimefungwa juu ya mapaja, kugeuka nione ni nani yuko kando yangu, ni Chepkemei! Bega kwa bega! Nikapiga kelele, "Fungua, huyu ni mke wa mwanangu!"

Kijana akasema, "Hongera, mzee." Tukapaa.

Mimi nimeona mambo, mshauri. Nimewahi kuona ng'ombe akizaa ndama wa vichwa viwili. Lakini sijawahi kushtuka hivyo. Tulipofika juu kabisa mashine ikasimama, kwa sababu yule kijana wa hongera alikuwa amesikia kelele akakimbilia geti. Tukabaki tunaning'inia, mahindi yote ya Kitale yako chini ya viatu vyangu, Mlima Elgon ule pale. Nikaangalia geti. Ukuta wa mabati ulikuwa umelala, watu wamelala juu yake wakikanyagana, na kile kitambaa cha kichwa cha Jelagat, cha manjano, kilikuwa hapo chini yao.

Hapo ndipo Chepkemei akanishika. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaficha uso ndani ya koti langu, akalia mpaka koti likalowa. Mimi nikawa kama nguzo ya stima. Sikumgusa, naapa, hata pumzi niliielekeza upande wa Uganda. Tulikaa hivyo mpaka walipotushusha.

Jelagat alivunjika mfupa wa bega, hospitalini walimfunga, akarudishwa kwao mlimani, tunashukuru Mungu. Lakini turudi kwa ule mkono. Chepkemei aliondoka na mama yake siku hiyo hiyo na hajarudi. Nikipiga simu hashiki. Hesbon nilimwambia ni askari waliotusukuma ndani, tangu hapo anajipikia ugali unaoungua na anaula akiwa amenipa mgongo. Naona boma la kijana wangu linavunjika kwa sababu mwiko umevunjika. Wazee wengine wa Bokoli wanasema nitafute kondoo tutakaswe, wengine wanacheka mpaka wanashika mbavu, wanauliza kama mwiko unafanya kazi hewani mahali ambapo hakuna shamba la mtu. Niambie, mama, nipeleke kondoo mlimani au nimngoje hapa? Na chuma kikikufunga na mtu, hiyo inahesabiwa mmegusana ama ni chuma ndicho kimewagusa? Nisaidie mke wa mwanangu arudi. Nyumba bila yeye imenyamaza, hata mimi mwenyewe sina wa kumchokoza.

Ni mimi,
Mzee wa Fimbo, Bokoli

SHANGAZI GLADWELL ANAJIBU

Mzee wa Fimbo, chai niliiweka chini kama ulivyoniambia, na nilipoirudia ilikuwa baridi, kwa sababu nilisoma barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ulipomwambia Jelagat pole. Sijapaona.

Sitakudanganya, nilicheka. Yule kijana wa "hongera, mzee" alinimaliza. Halafu nikafika kwenye kitambaa cha manjano, nikarudi mwanzo wa barua. Wewe ulikipita kwa mstari mmoja, ukarudi kulilia mkono wa koti.

Mzee, Chepkemei hakukushika wewe. Alikuwa anatazama mama yake akikanyagwa, amefungiwa juu, hana pa kushukia. Angekuwa ameketi na gunia angelishika gunia. Na alikuwa amekuambia, "Tungoje tu, tumekaribia." Ulimsikia vizuri, umeniandikia mwenyewe. Sasa fikiria kwa nini hakukataa kukufuata. Heshima ile ile inayomzuia kukugusa ndiyo iliyomzuia kukukatalia. Wewe uliichukua heshima ya mtoto wa watu ukaifanya tiketi, kisha leo unalia ati imechafuka.

Waliojenga geti moja kwa watu wote hao, wakaweka mabati na askari mmoja wa filimbi, hao sitawaacha. Waliosukuma nao wana mzigo wao. Hesbon achukue karatasi za hospitali za mkwe wake, waende kituo cha polisi waandikishe, na wengine walioumia wafanye hivyo hivyo. Na sisi wa redio tuliopiga kelele ya "bure, bure" bila kuuliza watu wataingilia wapi, tuna la kujibu. Nimelisema mbele ya mkubwa wangu na nitalisema tena hewani. Lakini laini ile ilikuwa inatembea, mzee. Ilikuwa polepole, ndiyo, lakini ilikuwa inatembea mpaka wewe ukakohoa.

Kuhusu kondoo, mimi ni Mkikuyu wa hapa Kitale, sitakufundisha mila za Kibukusu. Wazee wenu wakisema kondoo, mtafute, sitacheka. Ila asitangulie. Ukimfikisha kondoo kwa Jelagat kabla ya ukweli, utakuwa umepita mbele tena.

Kwa hivyo sikiliza. Leo jioni, kabla Hesbon hajageuza mgongo, mwambie hakuna askari aliyewasukuma. Mwambie ulimwita mke wake, akakuomba mngoje, ukamkatalia. Usiweke mzaha hapo katikati, najua utajaribu. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake.

Kesho panda mlimani. Simu acha kupiga, nenda. Fimbo iache nyumbani, miguu ni mizima umesema, na kama miguu ni mizima basi na mikono ni mizima. Jelagat ana bega lililofungwa na huu ni msimu wa kupalilia, jembe hawezi kulishika. Utalishika wewe, mpaka bega lipone. Chepkemei usimwambie arudi, hata kwa utani. Akiona jasho lako kwenye shamba la mama yake ataamua mwenyewe, na akiamua kubaki, utaendelea kupalilia.

Na jambo la mwisho. Mgonjwa wa mlimani hakosi wageni. Utakuta majirani na watu wa kanisa wamejaa mlangoni wakingoja kumwona, na wakikutazama na hizo mvi zako watasogea, watakuambia, "Mzee, pita mbele."

Kataa. Simama nyuma ya wa mwisho. Jelagat atakuona kutoka kitandani, na wewe ngoja tu, mpaka zamu yako ifike.