Pipa Lililopasukia Uani

Nyumbani kwa Mama,
Jumatatu, 15 Julai.
Asubuhi ya mawingu mazito. Manyunyu yamekatika saa tatu.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Kifua kimepona? Shemeji hajambo? Sisi tu salama, na neno hilo nakuomba ulishike kwanza: binti yako Kijino ni mzima, hana hata mkwaruzo. Nasema hivyo kwa sababu nitakayokueleza yatakushtua.

Jumamosi ukoo ulikutana hapa. Kwa baridi hii, kaka yetu Cheche aliahidi kuwajengea watoto bwawa la maji moto uani. Baba Mdogo akamcheka: "Fundi wa kuchomelea mageti leo kawa fundi wa bahari!" Lakini Ijumaa jioni bwawa lilisimama: mbao pande nne, turubai la lori ndani, na pembeni pipa la chuma juu ya moto wa kuni. Pipa lilijazwa kwa ndoo, kifuniko kikakazwa kwa spana, na bomba moja lenye koki likapeleka maji moto bwawani. Koki ile ilitakiwa kubaki wazi muda wote ili pipa lipumue. Cheche aliwaonya watoto wasiiguse. Sisi wakubwa hakutuonya.

Kazi yangu ilikuwa kipimajoto. Kila baada ya muda napima, naandika kwenye daftari langu.

Saa sita mchana watoto tisa walikuwa majini wakipiga kelele. Kijino alikuwa ametoka kukausha nywele karibu na moto. Ghafla pipa likaguna, Dada, kama ng'ombe. Likatuna. Cheche akatupa sahani, akamkwapua Kijino, na hawajafika barazani kifuniko kikaruka juu ya paa. Mvuke ulitanda hata sikuona vidole vyangu. Niliwahesabu watoto mara tatu: kumi. Maji yalikuwa yamemwagikia upande wa ukuta. Ni Cheche tu yaliyembabua bega la kushoto. Nesi wa jirani alilifunga, akasema litapona.

Badala ya shukrani alipata matusi. Baba Mdogo alitamka mbele ya wote kwamba geti la nyumba yake mpya, kazi ambayo Cheche ameisubiri tangu mwaka uanze, atampa fundi mwingine, "anayejua chuma." Cheche akanyamaza, yeye asiyenyamaza hata usingizini.

Jana mchana nilikaa kupanga daftari langu. Nikakuta kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Saa tano na dakika arobaini. Nyuzi 31. Koki ya bomba inadondosha maji bure, nimeifunga."

Niliusoma mstari huo mara nne. Dada, sikumbuki kuifunga! Lakini unajua Mama alivyotulea: ukipita penye koki wazi bila kuifunga, siku hiyo hulali na masikio yako. Mkono ulifunga bila kuniuliza.

Jioni, Baba Mdogo akifunga mizigo, niliingia sebuleni walipokaa Mama na Cheche, nikausoma mstari ule kwa sauti. Nilitaka ardhi inimeze.

"Kumbe ni wewe!" Cheche akasema. "Nilipookota bomba nilikuta koki imefungwa, nikajua ni Mama tu. Ningemsemaje mbele ya ukoo?"

Kikombe cha Mama kikatua mezani kwa kishindo. "Na mimi nilijua ni mimi," akasema. "Tangu jana chakula hakipiti. Nilipita pale, na mikono hii siku hizi siijui inafunga nini." Akalia, akacheka, akampiga Cheche kofi kwenye bega lile zima. "Mjinga wewe! Ungebeba jambo hilo peke yako mpaka lini?"

Baba Mdogo akaliweka begi chini. Akamuuliza Cheche, "Geti langu utaanza lini?"

"Bega likipona, Baba. Na geti halina koki."

Dada, mtoto aliyekaa karibu na moto ni wako, nami ndimi niliyefunga koki. Ukinikasirikia, sitajitetea. Nisamehe.

Msalimie Shemeji na mama mkwe wako. Mama anakubusu, Cheche anasema bwawa bado lipo. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kuliko niwezavyo kuandika.

Usiku wa kuamkia leo nilipata usingizi saa nane na robo. Kijino alikuwa amelalia mkono wangu, sikuusogeza.