Koko wa Kwenye Simu Amefika Bruxelles

Jumamosi, mwezi wa nne. Jua lipo, lakini ni jua la kutazama tu, halipashi joto. Nimevaa soksi juu ya soksi. Moyo umeamka ukicheka upande mmoja, upande mwingine umenuna.

Acha nianze na upande wa kucheka.

Nimeona Bruxelles! Mimi, muuza vitenge wa Kadutu, niliyeishia la sita primaire. Aliyenitembeza ni Furaha, binti yangu wa kwanza. Nyie mnaonisoma huko Bukavu, mnamkumbuka yule mwembamba wa makamasi? Leo anatunza wazee katika nyumba kubwa hapa, na Kifaransa chake, hata wenyewe wananyamaza wamsikilize. Tram anazijua zote. Anashuka hii, anapanda ile, haulizi muntu. Mimi namfuata kama waziri anayefunguliwa njia.

Tumetoka kwake Schaerbeek mpaka Laeken, kuona ile mipira mikubwa ya chuma iliyosimamishwa hewani, inang'aa kama sufuria mpya. Nimeiheshimu. Lakini kilichonifunga mdomo ni miti ya maua wanayoiita cerisier. Bustani nzima rangi ya waridi! Jani huoni, ni maua matupu, mazito, matawi yameinama. Upepo ukipita kidogo, yanatuangukia vichwani taratibu, kama yanaogopa kutuumiza.

Nikauliza matunda yanaiva lini.

"Maman, hii haizalake kitu. Ni ya kuangalia tu."

Ya kuangalia tu! Watu wanaotunza mti usiowalisha, bon, hao wana moyo. Nimewakubali.

Sasa upande wa kununa.

Naomi, mtoto wa Furaha, ana miaka mitatu na amezaliwa hapa. Kila Jumapili tunaonana kwenye simu, ananibusu mpaka kioo kinalowa mate. Lakini jana, uwanja wa ndege, alijificha nyuma ya mama yake. Leo asubuhi vilevile: nikisogea, analia. Nimemletea kitenge cha kumbebea mgongoni, na kimeshinda kwenye mfuko. Ndani ya tram nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Wapi!

Mimi niliyebeba watoto wa mtaa mzima, wangu mwenyewe ananikimbia.

Chini ya ile miti Naomi akamvuta mama yake mkono. "Maman, tuite Koko aone maua."

Koko ni mimi, bibi yake.

"Koko ni huyu hapa, chérie."

Naomi akanipima kuanzia viatu mpaka kilemba. "Hapana. Koko iko ndani ya simu."

Donc ndiyo hiyo! Mtoto hajanikataa. Koko wake ni kichwa kinachocheka, hakina miguu, hakivai koti. Huyu mama mnene wa tangu jana ni nani?

Furaha akaanza kumweleza. Nikamkatiza: "Wewe piga tu."

Nikajificha nyuma ya mti, nikatoa simu yangu. Ikalia. Nikaweka uso karibu kabisa, kama kila Jumapili, paji la uso limejaza kioo.

"Koko! Angalia maua!"

"Nayaona, mama yangu. Na wewe angalia yangu."

Nikageuza simu nimwonyeshe matawi. Halafu, bila kuacha kuongea, nikatoka nyuma ya mti pole pole. Naomi akatazama kioo, akanitazama, akarudi kwenye kioo. Sauti yangu ilikuwa inamfikia kutoka pande mbili.

"Koko, umetoka?"

"Nimetoka."

Akamrudishia mama yake simu.

Akaja.

Furaha alikuwa anapangusa macho, anasingizia upepo. Mimi nilikuwa nimeshainama, kitenge mkononi. Kigari cha mtoto tumekisukuma kitupu mpaka Schaerbeek, na watu kwenye tram walitutazama. Watazame! Ni bure.

Naandika nimekaa ukingoni mwa kiti, maana bado yuko mgongoni, amelala, ua moja limenasa kwenye nywele zake. Furaha anasema nimshushe, nitaumwa kiuno.

Kiuno changu nilikileta kwa kazi hii. Kesho atashuka mwenyewe, akitaka.