Sufuria iliyonivua nguo

Milka, upo? Shoga yangu, leo nimemvunjia mtu heshima mbele ya jengo zima.

Tulikuwa uani tunachoma pilipili hoho za kuweka akiba ya majira ya baridi. Ile sufuria kubwa ya jengo haionekani. Mimi na mdomo wangu: "Muulizeni Demir, yule Mjipsi wa vyuma chakavu!" Unajua hapa kitu kikipotea husingiziwa Wajipsi. Nilitania, Milka. NILITANIA TU.

Jirani yetu Bibi Stanka akadakia, "Si ndiye! Nani mwingine?" Wakaupindua mkokoteni wote wa Demir, yeye na mkewe wanatazama.

Sufuria ilikuwa wapi? Kwenye roshani yangu. Niliiweka mwenyewe mwaka jana, nikasahau. Mimi, mwalimu wa fasihi, niliyewaliza wanafunzi juzi kwa hadithi ya mtu aliyefungwa bila kosa!

Nikashuka nayo, nikakiri. Wakaangua kicheko. "Mwalimu, umeanza kuzeeka!" Wakarudi kwenye pilipili zao. Hakuna aliyemwomba Demir radhi.

Nikapiga magoti kumwokotea vyuma. Demir akaniambia taratibu, "Acha, mwalimu. Wakikuona na vyuma vyangu watasema umeiba."

Nikacheka. Milka, nilicheka!

Yeye hakucheka. "Lakini wewe hawatakuita mwizi," akaniambia, akaendelea kuokota.