Dawa Ilikuwa Kabatini

Jumatano jioni, Malindi. Kutwa kumekuwa na wingu zito lisilotaka kunyesha. Mume wangu ameniwekea wali na mchuzi wa papa mezani, nami sijaugusa. Nisipoandika leo, kesho nitaanza kuyaona haya kuwa ni mambo ya kawaida.

Nina mwanafunzi wa gredi ya saba. Hapa nitamwita Sidi. Akisoma shairi darasani, mimi huacha kusahihisha nikamsikiliza. Kwao ni mashambani nyuma ya Ganda, na ana kifafa. Tangu alipoanza kumeza tembe za kliniki alikuwa hajaanguka, na wenzake walikuwa wameshasahau kwamba ni mgonjwa.

Tembe hizo humchafua tumbo akizimeza bila kula, na kwao chai ya asubuhi haipatikani kila siku. Kwa hiyo tulikubaliana na mama yake zikae shuleni, Sidi ameze baada ya uji wa saa nne, na Ijumaa aende nazo nyumbani. Mwalimu mkuu alikubali kwa shingo upande. Akasema zifungiwe katika kabati la naibu wake.

Jumatatu asubuhi naibu alizifungia tembe kama kawaida, kisha akaenda semina Kilifi, na ufunguo akaenda nao.

Nilimwendea mwalimu mkuu siku ileile, nikamwomba kufuli livunjwe. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Bi Rukia, kabati la serikali halivunjwi kwa ajili ya tembe. Siku mbili tatu hazimuui mtu."

Jana Sidi aliniuliza kuhusu dawa yake. Nikamwambia avumilie. Ningeweza kumpigia mama yake simu. Sikumpigia.

Leo alikuwa amesimama akitusomea. Akanyamaza katikati ya neno, akaanguka baina ya madawati.

Watoto walitoka mbio, wengine kupitia dirishani, wakipiga kelele kwamba mate yake yasiwaguse. Nilisogeza madawati, nikamlaza ubavu, nikamwekea mtandio wangu chini ya kichwa. Hapo angeachwa hivyo tu, mwili ungetulia wenyewe. Lakini Mwalimu Charo wa gredi ya pili aliingia na kijiko cha uji.

Nilimwambia asimtie kitu mdomoni.

"Atameza ulimi huyu," akasema, akakisukuma kwa nguvu.

Nikasikia jino likivunjika.

Charo si mtu mbaya. Alidhani anamwokoa. Nje, dirishani, watoto walikuwa wanacheka, na mmoja alijitupa mchangani akimwigiza, macho juu, akirusharusha miguu, na wenzake wakampigia makofi. Ni watoto wangu hao. Asubuhi nilikuwa nimewafundisha methali.

Sidi alipozindukana, damu ilikuwa ikimtoka mdomoni, lakini mkono wake ulikwenda kwanza kwenye sketi. Ilikuwa imelowa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama wamemwona.

Nikamwambia hapana.

Nyuso zilikuwa zimejaa dirisha zima.

Mama yake alifika kwa bodaboda, leso mbili zimefungwa haraka, mikono bado ina udongo wa shamba. Mwalimu mkuu alimpa kiti ofisini, mimi na Charo tukiwepo. Alizungumza naye kwa upole ambao sisi walimu hatujawahi kuonjeshwa.

"Mama, mtoto huyu tunampenda. Lakini wazazi wenzako wameshaanza kunipigia simu, na wenzake wanaogopa. Mchukue akae nyumbani kwanza, mpaka apone."

Anajua kwamba kifafa hakiponi kama mafua. Maana yake ni kwamba asirudi, na mama alimwelewa vizuri tu.

Akauliza swali moja. "Na dawa, alimeza?"

Charo alitazama ukutani. Mwalimu mkuu alinitazama mimi kwanza, kisha akamgeukia mama.

"Dawa zenyewe, mama, si unaona hazimsaidii?"

Nilikuwa nimekaa karibu na mama kiasi cha kuweza kumshika mkono. Mimi ni mwalimu wa mkataba, na mkataba wangu huongezwa na huyo aliyekuwa anasema uongo. Niliangalia chini, nikahesabu mabaka ya wino sakafuni.

Mama Sidi akatikisa kichwa polepole. "Basi mimi ndiye niliyekosea. Babake alisema tangu mwanzo tumpeleke kwa mganga, nikambishia. Nitamwambia alikuwa na haki. Dawa hizo nazo tuziache."

Kisha akatushukuru. Akatupa mkono mmoja mmoja, hata Charo, akamshukuru kwa kumwokoa mwanawe asimeze ulimi. Sidi alisimama mlangoni, nimemfunga leso yangu kiunoni, mdomo umefumba kuficha pengo.

Saa nane naibu akarudi, amechangamka, akisimulia vyakula vya hoteli ya Bofa, huko Kilifi. Alifungua kabati kutafuta chaki. Tembe zilikuwa palepale, nyuma ya vikombe vya mashindano. Nilizichukua bila kumuuliza mtu. Mwalimu mkuu alinikuta uani.

"Unazipeleka wapi?"

"Kwao."

"Peleka. Lakini ukimwambia neno la ziada, muhula ujao tafuta shule nyingine."

Nilipanda tuktuk hadi mwisho wa lami, nikatembea. Uani kwao nilimkuta kuku mweusi amefungwa miguu karibu na mlango. Babake Sidi alikuwa ameshakwenda kumwarifu mganga. Sidi alilala mkekani, ameupa ukuta uso. Mama yake alinipokea kwa heshima, akataka kuniletea kiti. Nikamwambia asilete, anisikilize kwanza.

Nikamwambia yote. Kwamba dawa haikushindwa. Kwamba Sidi hakuimeza tangu Jumatatu, kwa sababu kabati lilifungwa na hakuna aliyelivunja.

Hakupandisha sauti.

"Pale ofisini, nilipokuwa nashukuru, ulikuwa unayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua."

"Na mkono ukanipa."

Nikamtolea tembe. Alizipokea tembe, akachota uji sufuriani, akamwinua mwanawe, akamlisha vijiko vichache kando ya jino lililovunjika, kisha akamtilia tembe ulimini. Sidi alimeza. Akalala tena bila kunitazama. Mama akatoka nje, akamfungua yule kuku miguu. Kiti hakukileta tena.

"Kesho tutakuja, mimi na yeye," akaniambia. "Si ofisini. Tutakuja wakati wa mstari wa asubuhi, watoto wote wakiwepo, na mwalimu wenu mkuu akiwepo. Haya uliyoniambia hapa, utayasema pale?"

Nikamwambia nitayasema.

Hakuonyesha kuniamini, na sikuona kwa nini aniamini. Njia nzima ya kurudi nimekuwa nikipanga maneno. Yanakuja vizuri nikiwa peke yangu. Hata sasa ninayo yote, yamepangika.

Mstari wetu huanza kwa sala, kisha mwalimu wa zamu husogea mbele kuzungumza. Wiki hii zamu ni yangu.

Je, mdomo utafunguka?