Pepo Aliyetaka Zahanati

Jumamosi, 2 Mei 1998
Winfred hajasema neno leo tena. Mjukuu wangu huyu, msichana wa miaka ishirini! Tangu mafuriko yamchukue mamake, halali. Anafunga na kuomba mpaka anaanguka. Pasta kasema ni upako wa Roho Mtakatifu. Upako gani unaangusha mtu jikoni?
Nimemtania: “Mke wangu, chai iko wapi?” Zamani angenijibu, “Mume gani hana hata jino!” Leo kimya. Hapo ndipo nikaogopa.

Jumapili, 3 Mei
Rosina, nesi wa zahanati hapa Garsen, kapita. Kasema ni ugonjwa wa huzuni, una dawa, aletwe. Mwanangu Thoya akaruka kama kakanyaga kaa la moto — binti yake si kichaa! Nani atamwoa? Pepo sawa, shangazi zake wote walikuwa nao na wakaolewa. Kichaa ndiyo aibu. Haya!

Jumanne, 5 Mei
Mganga Kaviha kaja na ngoma. Kafukiza ubani, kanusa, katangaza: pepo ni Muorma. Sisi Wagiriama mapepo yetu hutoka kwa jirani, ya nyumbani hayatutaki. Na pepo Muorma husema Kiorma. Basi aitwe Guracha, jirani yetu mwenye ng’ombe, atafsiri.
Kaja analalamika. Huyu si wetu, sisi iko Waislamu, na Muorma gani atakaa katikati ya mihogo? Lakini alipoona tumbaku, akakaa.
Ngoma ikalia. Winfred kimya. Wote wakamgeukia Guracha.
“Anasema nini?”
Guracha akatafuna kwanza. “Anasema... yeye nataka maziwa.”
Katafsiri kimya! Sijapata kuona msomi kama huyo. Halafu pepo akataka sukari. Halafu tumbaku tena. Winfred machozi yanamtoka tu — hayo hakuna aliyeyatafsiri.

Jumatano, 6 Mei
Nimemfuata Guracha malishoni. Nikamwambia kesho pepo atakuwa na hamu ya vidonge vya Rosina. Akasema huo ni uongo, ni dhambi. Nikamuuliza, na ile sukari? Kacheka mpaka fimbo ikamponyoka.

Alhamisi, 7 Mei
Pepo kaamuru zahanati! Thoya hakubisha — pepo akiagiza, nani atakataa? Tumekuja wote: Kaviha na ngoma, pasta na Biblia, Guracha kifua mbele kama karani wa D.O. Naandikia hapa hapa benchini.
Rosina katoka. “Mgonjwa nani?” Guracha akaanza: “Pepo nasema—”
“Mzee Guracha, ngoja kidogo.”
Winfred! Sauti imekwaruza kama bawaba yenye kutu. “Mgonjwa ni mimi. Kuomba nitaomba. Lakini nataka kulala.”
Loo! Ngoma ikalia, pasta haleluya, Kaviha anadai kuku wake wa malipo ya uganga. Kasema! Kapona! Thoya keshamshika mkono, warudi nyumbani, dawa ya nini tena? Rosina anapiga kelele mlangoni, nani anamsikia? Winfred kaung’ang’ania ubao wa benchi.
Mimi nimekalia pindo la leso yake. Sina uzito, lakini nina ukaidi.
“Mume wangu,” kaninong’oneza, “usiinuke.”
Siinuki. Thoya anazunguka, anakuja upande wangu aniinue —